Mchicha umegoma Mtoni? Kabla hujaongeza mbolea, pima tindikali ya udongo

Haya wadau, siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo leo, tuongee udongo. Najua kuna mtu ameshaguna hapo, "udongo tena?" Vumilia ndugu yangu. Wengi wetu ada ya shule ililipwa na tuta la mchicha la mama fulani, na hela hiyo siku hizi inapotea kizembe.

Nina shangazi yangu analima bondeni Mtoni. Kwa wasiopajua, ukitoka mjini kwa Barabara ya Kilwa unapita kwa Azizi Ally, unapita Mtongani, halafu unavuka Mto Kizinga ndiyo unaingia Mbagala. Huko mabondeni ndiko mchicha, matembele na bamia za masoko kama Tandika na Temeke Sterio zinakotoka kwa wingi. Eneo si lake, ni bonde la wazi ambalo kila mtu analima kwa kuelewana na jirani yake. Ana matuta kumi na mawili.

Zamani mchicha wake ulikuwa hausumbui. Unasia mbegu leo, wiki ya nne unang'oa unafunga mafungu. Mwaka jana ukaanza kugoma. Unaota vizuri tu, ukifika urefu wa kidole unasimama. Majani ya chini yanakuwa ya njano, mengine yanaingia rangi ya zambarau ambayo si ya mbegu ile. Saa sita mchana umelala chini kama haujamwagiliwa, wakati asubuhi umekula ndoo za maji za kutosha. Shangazi akaenda duka la pembejeo, akaambiwa udongo umechoka, ongeza S.A. Akaongeza. Wiki ya kwanza ukawa kijani, akafurahi, halafu ukarudi pale pale. Akaongeza tena. Siku nilipokwenda kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha kiroba kitupu. "Mwanangu, hela yote ya mchicha nimeilisha mchicha."

Niling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, imevimba nchani, haina vile vinyweleo vyeupe vya kunyonyea maji. Hapo nikaanza kushuku tindikali.

Sasa tindikali ni nini kwenye udongo? Waliopita kidato cha pili wanaikumbuka pH, ile namba inayoanzia 0 mpaka 14. Saba ni katikati. Chini ya saba ni tindikali, juu ya saba ni upande wa magadi. Maji ya limao yako kwenye 2 hivi, maziwa yanakaribia 7, maji ya bahari yako kwenye 8. (Aliyeibuni ni mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909, na alikuwa anafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Kwa hiyo walevi nao wana mchango wao kwenye kilimo.) Kitu ambacho watu wanakisahau ni kwamba ngazi hizi si za kuongeza moja moja. Kila ukishuka namba moja, tindikali inaongezeka mara kumi. Udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi kuliko wa 6, na mara mia kuliko wa 7. Ndiyo maana mtu akikuambia "tumetoka 6 tumefika 5 tu" usimwambie hakuna shida.

Mboga nyingi zinataka kati ya 6 na 7. Mchicha ni mvumilivu, hata 5.5 na kitu unakwenda. Chini ya hapo ndiyo balaa linaanza, na balaa lenyewe si ile tindikali peke yake. Ni aluminiamu. Udongo wote una aluminiamu, ni sehemu ya udongo wenyewe, lakini kwenye pH nzuri imejifungia, haimsumbui mtu. pH ikishuka chini ya 5.5 inaanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji yanayozunguka mizizi, na kitu cha kwanza inachofanya ni kuunguza ncha za mizizi. Mzizi ukiungua ncha hauendi chini tena, hautafuti maji, hautafuti chakula. Mmea umesimama kwenye tuta lenye maji lakini una kiu. Ndiyo ile kulala saa sita mchana.

Halafu kuna fosforasi. Ukiiweka kwenye udongo wenye tindikali, aluminiamu na chuma vinaikamata na kuishikilia, mmea hauipati. Dalili mojawapo ni ile rangi ya zambarau kwenye majani. Na kwenye udongo wa namna hiyo kalsiamu na magneziamu huwa zimeshapungua. Kwa hiyo shangazi alikuwa anamwaga chakula mezani wakati mgeni amefungwa mikono.

Tindikali inatoka wapi? Kwanza mvua. Dar es Salaam inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, masika na vuli, na udongo wa Temeke sehemu nyingi ni mchanga. Mchanga haushiki kitu. Maji yakipita yanaondoka na kalsiamu na magneziamu, nafasi yake inachukuliwa na tindikali. Hii inatokea taratibu, miaka na miaka, na hakuna wa kumlaumu.

Pili ni sisi wenyewe kuvuna. Mchicha wetu tunang'oa na mizizi, tunaupeleka sokoni mzima mzima. Ile kalsiamu iliyomo kwenye majani inaishia kwenye sufuria ya mtu Kariakoo, hairudi Mtoni. Ukivuna mara nyingi kwa mwaka, miaka kumi, piga hesabu mwenyewe.

Tatu, na hapa ndipo nilipotaka mfike, ni mbolea. S.A. ni chumvi ya amonia na salfa, ina naitrojeni asilimia 21. Ikiingia ardhini, bakteria wanaibadilisha ile amonia kuwa naitreti ili mmea uile, na katika kubadilisha huko wanaachia tindikali. Hesabu inayotumika na wataalamu wa udongo ni kwamba kila kilo 100 za S.A. zinahitaji kilo 110 hivi za chokaa safi ili kufuta tindikali iliyoletwa. Yaani mfuko wa kilo 50 unadai kilo 55 za chokaa. Nani kati yetu amewahi kuuziwa S.A. akaambiwa na chokaa achukue? Yurea nayo inaleta tindikali, ila kwa kiwango sawa cha naitrojeni ni pungufu sana kuliko S.A. CAN ina chokaa ndani yake, hiyo karibu haibadilishi kitu.

Simaanishi S.A. ni sumu. Kwenye udongo wenye magadi ni mbolea nzuri kabisa, na wazee wetu waliizoea tangu enzi za kiwanda cha mbolea cha Tanga. Tatizo ni kuitumia mwaka hadi mwaka kwenye mchanga ambao tayari una tindikali, halafu kila mmea ukigoma unaongeza ile ile. Unakijani wiki moja kwa sababu majani yamepata naitrojeni, huku chini mizizi inazidi kuungua.

Watu wa Mtwara wanaijua hadithi hii kwa njia nyingine. Kule mikorosho inapuliziwa unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, tangu miaka ya 1980. Unga mwingi unadondoka chini, unageuka tindikali, na watafiti waliopima chini ya mikorosho miaka ya 1990 walikuta udongo unazidi kuwa na tindikali. Mkorosho wenyewe ni mvumilivu. Mahindi na karanga unazopanda chini yake si wavumilivu hivyo.

Sasa msikimbilie chokaa wote kwa pamoja! Dar si udongo mmoja. Ukiwa Msasani, Oysterbay au sehemu za Kigamboni karibu na ufukwe, chini yako kuna mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa yenyewe. Kule ukiongeza chokaa unaua bustani. Mmea unakosa chuma, majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Kipimo rahisi cha kujua uko kundi gani: chukua udongo mkavu kiganja kimoja, dondoshea siki. Ukitoa povu, una chokaa ya kutosha, acha. Usipotoa povu haimaanishi moja kwa moja una tindikali, inamaanisha tu endelea kupima.

Na kuna kitu kingine cha huku kwetu, matope ya mikoko. Mto Kizinga unapoishia baharini kuna mikoko, na matope yake ni meusi, yananuka kama yai viza, mtu akiyaona anadhani ni mbolea ya bure. Usithubutu. Ile harufu ni ya salfa. Matope ya namna hiyo yakiwa ndani ya maji yametulia, ukiyatoa yakakutana na hewa yanaweza kutengeneza tindikali ya salfa, ile ile ya kwenye betri ya gari, pH ikashuka mpaka 4 na chini ya hapo. Bado hujaongelea chumvi ya bahari iliyomo.

Kupima sasa. Zile fimbo za kuchomeka ardhini zinazouzwa mitandaoni bei poa, mimi siziamini. Chomeka mara tatu sehemu moja uone kama utapata jibu moja. Afadhali karatasi za pH zenye rangi nyingi. Litmasi ya kawaida itakuambia tu ndiyo au hapana. Chukua udongo sehemu kumi au kumi na tano za matuta, kina cha sentimita 15 hadi 20, usichukue palipomwagwa majivu wala palipolala samadi. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini. Kisha udongo kijiko kimoja, maji vijiko viwili na nusu, koroga, acha nusu saa, chovya karatasi kwenye maji ya juu. Maji yawe ya mvua au yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri. Na hapo uwe makini, mwambie muuzaji unataka maji, si asidi, maana vyote viwili watu wanaviita maji ya betri.

Ukitaka jibu la uhakika, peleka nusu kilo maabara. SUA Morogoro wanapima, na kituo cha TARI Mlingano kule Muheza, Tanga, kazi yake hasa ni udongo. Kabla ya kusafiri muulize afisa ugani wa kata yako. Aprili 2022 pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi pikipiki na vifaa vya kupima udongo kwa ajili ya maafisa ugani, kwa hiyo kuuliza kama kifaa kimefika halmashauri yako si dhambi.

Udongo wa shangazi tulichovya karatasi, ikasimama kati ya 4 na 5.

Dawa ni chokaa, na ziko za aina mbili tatu. Ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, haichomi, inafanya kazi taratibu. Mawe yake ni yale yale yanayochimbwa Wazo kwa ajili ya saruji. Ile ya duka la vifaa vya ujenzi, ya kupaka ukuta, ni chokaa iliyochomwa ikazimwa kwa maji. Ina nguvu zaidi na haraka zaidi, kwa hiyo unatumia robo tatu ya kiasi, na inachoma macho na ngozi, vaa kitu mkononi na usimwage wakati wa upepo. Ambayo haijazimwa usiiguse kabisa. Na usikubali kuuziwa jasi ukaambiwa ni chokaa. Jasi ina kalsiamu lakini haipunguzi tindikali.

Kiasi gani? Kwa mchanga kama wa Mtoni, wenye pH ya chini ya 5, gramu 100 hadi 200 za chokaa ya kilimo kwa mita moja ya mraba. Tuta la mita moja kwa kumi ni kilo moja hadi mbili, basi. Mfinyanzi ungetaka zaidi, mchanga hautaki nyingi. Unatawanya, unalima kuchanganya kina cha sentimita 15, unamwagilia, unasubiri wiki mbili hadi nne ndiyo unasia. Ukiimwaga juu na kuiacha inakaa pale pale juu kama poda ya mtoto. Ukifanya vizuri inakaa miaka miwili mitatu kabla hujarudia, ila ukiendelea na S.A. utarudi mapema.

Majivu je? Majivu ya kuni na mkaa yanafanya kazi hiyo hiyo, kwa nguvu kama nusu ya chokaa, na yana potasiamu juu yake. Kilo mbili hadi nne kwa tuta lile lile. Mtoni nzima mama lishe wanamwaga majivu kila asubuhi, ongea nao vizuri, mpelekee ndoo yenye kifuniko. Ila yawe ya mkaa na kuni tu. Majivu ya jalala, ya plastiki, ya matairi, ya mbao zilizopakwa rangi, hayo ni sumu unajiletea. Na chokaa au majivu usiviweke siku moja na S.A., yurea au samadi ya kuku. Vikikutana amonia inapaa hewani, utasikia ile harufu kali puani, hiyo ni hela yako inaondoka. Tenganisha wiki mbili.

Samadi iliyooza vizuri na mboji nazo zinasaidia sana, si kwa kupandisha pH kwa kasi bali kwa kuikamata ile aluminiamu isiunguze mizizi. Kwenye mchanga mimi ningeanza na samadi hata kabla ya chokaa.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi zaidi ya mavuno. Mwaka 1999 wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya Mto Sinza na Msimbazi. Walipima shaba, zinki, risasi na kadimiamu, na waliyakuta kwenye majani. Sisi wa Mtoni tusijidai hayatuhusu. Tulikuwa na dampo la jiji hapa hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kabla halijahamishiwa Pugu Kinyamwezi. Na kanuni ni ile ile ya aluminiamu: udongo ukiwa na tindikali, madini kama kadimiamu na risasi yanayeyuka kirahisi zaidi na mmea unayanyonya zaidi. Kupandisha pH mpaka 6.5 kunapunguza unyonyaji huo. Hakuyaondoi madini. Kama tuta lako liko juu ya taka za zamani, chokaa haitalisafisha, panda maua ya kuuza, si mboga.

Kwa ambao hawana hela ya chokaa wala majivu, kuna njia ya kukubaliana na udongo. Viazi vitamu vinavumilia pH 5, kwa hiyo matembele yatakwenda. Mihogo ndiyo kabisa, na kisamvu chake. Nanasi linapenda tindikali. Spinachi, kabichi, vitunguu na nyanya sahau kwanza, nyanya ikikosa kalsiamu inaoza kitako ukiiangalia.

Shangazi nilipomweleza habari ya chokaa aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. "Chokaa inakaa miaka mitatu, sawa. Na mimi nani kaniambia nitakuwa hapa miaka mitatu?" Kweli. Bonde si lake. Wakija watu na vigingi kesho, hakuna atakayemlipa chokaa iliyomo ardhini. Wataalamu wengi wanaoandika vipeperushi wanamwandikia mtu mwenye hati. Mtu wa bondeni anapiga hesabu ya miezi mitatu mitatu, na kwa hesabu hiyo majivu ya bure yanamfaa kuliko mfuko wa kununua.

Kwa hiyo tulianza na matuta matatu. Moja tuliweka majivu kilo tatu na samadi baadaye, moja chokaa ya kupaka ukuta kilo moja, na moja tuliliacha kama lilivyo ili asije akasema ni mvua tu. Hakuna lililopata S.A. Wiki ya nne la majivu na la chokaa yote yalikuwa yamefika magotini, la tatu bado kidole. Tuling'oa mche kila tuta tukailaza mizizi kwenye gunia. Ya tuta la majivu ilikuwa myembamba, mirefu, ina vinyweleo vyeupe.

Sasa anakusanya majivu kwa ajili ya yale tisa yaliyobaki, na jirani yake wa chini ameshaanza kumuulizia mama lishe yule yule. Wa Mtongani na Kijichi mnaolima mabondeni, huko kwenu mchicha unaendaje, na kuna aliyechovya karatasi akapata ngapi?